Kamba Baina ya Roshani Mbili

Kibokoni, Mombasa
20 Oktoba 2024

Mwanangu Fadhiya,

Asalaam aleikum. Nakuombea barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo Ziad, na huko Cardiff mvua iwe imewapa japo siku moja ya kuanika nguo. Sisi hatujambo. Magoti yaniuma, lakini yashanizoea na mimi nishayazoea, twaishi kama mke na mume. Dari ya jikoni ilivuja, nikaizibisha, ikaenda kuvuja pengine. Wote wakusalimu.

Usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Mimi sisikii mpaka niweke spika, na nikiweka spika husikia mtaa mzima. Mara ya mwisho ulinieleza habari za tumbo lako, na jioni yake muuza kahawa akaniuliza kama limepoa. Basi tuandikiane kama watu wa zamani. Barua nitampa msafiri yeyote mwenye uso wa kuaminika.

Sasa sikiza. Idd iliyopita vijana walipamba kichochoro chetu kwa utepe wa karatasi za kung'aa walioununua dukani. Kwa mbali ulipendeza. Kwa karibu ulikuwa umeandikwa, kwa Kizungu, heri ya siku ya kuzaliwa. Wageni kutoka Lamu wakaniuliza ni nani aliyezaliwa. Nikaona haya, nikawaambia ni Mzee Zakariya, huyu mshona kofia akaaye dakani, hapo mlangoni kwangu. Wakaenda kumpa mkono. Naye akapokea, akawaombea dua, na mmoja akamwachia halua. Hata kipande hakunigawia.

Nikaapa haitarudi tena. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa waja dakani kwangu na tunatunga mapambo ya shanga: miezi, nyota na fanusi, kwa waya mwembamba na uzi wa nailoni. Idd ikifika tutayatundika kwenye kamba moja ndefu, kutoka roshani yangu mpaka roshani ya Bi Hind ng'ambo ya kichochoro. Nyumba hizi mbili ndizo zilizokuozesha, mimi nikikutoa wewe na Hind akimtoa mjukuu wake, kwa hivyo hakuna aliyethubutu kusema kamba ifungwe kwengine. Hind amejipa uongozi. Mimi pia nimejipa. Mzee Zakariya tumemhamishia kizingiti cha jirani pamoja na kofia zake, na tangu siku hiyo yuwatununia.

Shida yetu ni shanga nyeupe. Za sokoni zachubuka ukizitazama tu. Nataka zile za lulu, kama nilizokushonea kwenye gauni lako la kupambwa. Huko kwenu najua hazikosekani. Nitafutie, nipelekee na mtu.

Chumba chako nimekipaka rangi. Sisemi kitu. Nimekipaka tu.

Mamako mkubwa,
Mwanatumu


Cardiff
24 Novemba 2024

Mamkubwa wangu,

Shikamoo, na salamu zisizo na spika. Barua yako imenifikia juzi. Huyo bwana mwenye uso wa kuaminika alikaa nayo wiki kadhaa, akaniletea ikinuka bizari, na bahasha ilikuwa imefunguliwa ikafungwa tena kwa plasta ya kidonda. Kwa hivyo habari za Mzee Zakariya sasa zajulikana na jamii yote ya hapa, na wamempelekea pongezi za kuzaliwa.

Mimi ni mzima. Tumbo limepoa, mwambie muuza kahawa. Kazi ni ile ile kwenye nyumba ya wazee: nawalisha, nawavisha, nawatafutia meno. Nimewasomea sehemu ya barua yako kwa lugha yao na wamefurahi kweli. Kuna Bi Gwen, mkali, mdomo mtupu wa meno na mtupu wa haya, amesema huyo dadako wa Mombasa angetaka kumwona akigombana na mtu. Nimemwambia si dada, ni mama mkubwa, na kumwona akigombana ni rahisi, simama tu karibu yake.

Umemtaja Ziad. Ziad ni Ziad. Hajabadilika hata kidogo, na Bi Hind akikuuliza mwambie hivyo hivyo.

Shanga nitatafuta. Ila Mamkubwa, wewe na Bi Hind kuongoza kitu kimoja? Mlishindwa kuongoza sufuria moja ya biriani siku ya harusi yangu. Mmoja alitia chumvi, mwengine akatia, na wageni wakanywa maji mpaka birika likakauka.

Idd naona itanikuta kazini. Zamu za huku hazijui mwezi mwandamo. Rangi ya chumba ni ipi? Usiseme kijani.

Mwanao,
Fadhiya


Kibokoni, Mombasa
22 Desemba 2024

Mwanangu Fadhiya,

Aleikum salaam. Nimefurahi kusikia tumbo limepoa. Muuza kahawa asema alhamdulillahi. Rangi ni kijani.

Huku hatujambo isipokuwa Hind, ambaye kiafya hajambo lakini kitabia yuwanisumbua. Kisa ni mwezi. Tulikuwa tumekaa, kila mtu na sinia lake, Mahira, yule binti mwalimu wa Tononoka, akauliza swali la kitoto: kamba itapanda siku gani? Nikasema siku ya Idd. Hind akasema siku ya Idd. Tukatabasamu. Kisha Hind akasema, yaani mwezi ukionekana Makka. Nikamwambia sisi hatukai Makka, twakaa Kibokoni, na mwezi wetu twauona kwa mato yetu. Akaniuliza kama nadhani kuna miezi miwili. Nikamwambia la, uko mmoja, ila una adabu, hauandami kwa watu mpaka wauone.

Basi mwanangu, daka likagawika. Wanaofuata mwezi wa Saudia wamehamia benchi la kulia na wa mwezi wa hapa tumekaa kushoto, na waya uko kulia na koleo liko kushoto. Kwa Alhamisi nzima hakuna nyota iliyomalizika.

Kutafuta suluhu nikawachukua wote tukaenda ufukweni Mama Ngina kuutazama mwezi wa Mfungo Kenda ukiandama, ili Hind aone kwamba kuona ni jambo liwezekanalo. Tukanunua mihogo, tukakaa, tukaikodolea macho bahari mpaka mihogo ikaisha. Ndipo Ashley, rafiki yake Mahira, Mkristo ambaye huja kututungia fanusi, akauliza kwa upole kama mwezi mchanga hauonekani magharibi. Bahari iko mashariki. Tukageuka wote kwa pamoja. Ulikuwa ushazama. Hind alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, lakini kidogo.

Huyo Ashley ana mkono mzuri. Aliomba nyota moja akaitundike nyumbani kwao Krismasi. Hind akasema haifai, akasema tena haifai, kisha akaitazama nyota ya mtoto wa watu, akaona mkia umepinda, akaichukua akaifumua akaitunga upya yeye mwenyewe hadi ikang'aa. Haifai lakini haiwezi kutoka hapa ikiwa imepinda, alisema.

Ugomvi mwengine ni ushanga mweusi. Kila pambo likimalizika mimi hutia mmoja mweusi kwa nyuma, kama alivyonifunza bibi yangu. Jicho la hasidi likija lihangaike na ile kasoro, uzuri liuache. Hind asema ni ushirikina. Nikamwambia hirizi ina maandishi na ushanga hauna hata herufi. Akasema Mungu atanihukumu. Nikasema sawa, lakini mapambo yatakuwa salama.

Kamba tumeipima, yafika. Ikikaa upande wangu peke yake itakuwa kamba ya kuanikia nguo, kwa hivyo namvumilia Hind.

Shanga bado sijaziona.

Mwanatumu


Cardiff
5 Januari 2025

Mamkubwa wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua yako i njiani, lakini nimempata dada mmoja mstaarabu anayesafiri kesho, nikaona nisimwachie. Huyu hafungui bahasha, nimemwapisha.

Hatujambo. Baridi imekuwa ya kutesa, nalala na soksi na kofia, Mzee Zakariya angenionea fahari. Wazee wangu nao wameanza kutunga. Niliwachorea mwezi na nyota, nikawanunulia shanga kubwa kubwa za watoto. Walitundika kwenye mti wao wa Krismasi miezi sita iliyopinda na mmoja ulionyooka, wakasema ndio mti mzuri kuliko wote mjini. Bi Gwen alimeza ushanga. Daktari akasema utatoka wenyewe. Bi Gwen akasema ukitoka asirudishiwe.

Shanga zako ndizo hizi. Ni za lulu, nyeupe, nyingi zitakutosha. Ndivyo nilivyozipata, nyingine bado ziko mbili mbili na uzi wake. Mna mmoja mweusi humo ndani, sijui umeingiaje, utupe.

Usiniulize habari za wapi na bei gani. Nimezitoa mahali zilipokuwa hazina kazi.

Salamu za Ziad ningekupa, lakini hayuko karibu.

Kuhusu Idd, Mamkubwa, usinitayarishie chumba. Nakuomba.

Fadhiya


Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2025

Fadhiya,

Asalaam aleikum. Sote wazima.

Shanga zimefika. Niliwangoja wenzangu waondoke, nikazimwaga kwenye sinia karibu na dirisha.

Zilikuwa mbili mbili na fundo katikati. Fundo hilo nalifunga mimi, kwamba uzi ukikatika zianguke mbili tu, bibi harusi asimwage lulu ukumbini kama mwenye kulisha kuku. Hapo bado nilijidanganya. Nikasema duniani watu wengi hufunga mafundo.

Kisha nikaukuta ule mweusi. Huo hukuujua kwa sababu sikukwambia. Niliutia mwenyewe ndani ya upindo wa gauni lako, upande wa kushoto, Hind akinishikia upindo na kuninung'unikia. Umevuka bahari umeenda na wewe, na sasa umerudi peke yake.

Sikuutupa.

Sikuulizi kitu. Nikikuuliza utanizungusha kwa yale maneno yako, hayabadiliki, hayuko karibu, kama wakili. Nakwambia tu kwamba lulu zimefika na nimezijua.

Alhamisi Hind alikaa mbele yangu kama kawaida. Nikamuuliza, Ziad hajambo? Akasema hajambo. Akaniuliza, Fadhiya hajambo? Nikasema hajambo. Tukaendelea kutunga.

Mamako mkubwa


Cardiff
23 Februari 2025

Mamkubwa,

Shikamoo. Leo sina habari za baridi wala za Bi Gwen.

Aliniacha mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Alikuwa amehamia Birmingham kikazi, akisema nitamfuata akishapata nyumba nzuri. Talaka aliituma kwa simu, ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maziwa. Na nyuma ya sauti yake, Mamkubwa, mtu alikuwa anakaanga vitunguu. Ziad hajawahi kukaanga kitunguu tangu azaliwe. Ananiambia nimekuacha Fadhiya, na vitunguu vinalia chwaaa. Nikajua nyumba nzuri imeshapatikana, na jiko lake lina mwenyewe.

Nimekaa eda yangu, nimeimaliza. Silii tena. Nilililia lile gauni zaidi. Lilikuwa kabatini, sikuweza kuliuza, sikuweza kulitupa, na kila nikitafuta koti naliona. Ulipoomba shanga nyeupe nikachukua mkasi. Nilifurahi kidogo, niseme kweli. Nikasema zitakwenda kukaa mahali penye watu wanaocheka. Sikujua kwamba umeniwekea mlinzi kwenye upindo.

Sasa nikwambie kwa nini siji, kisha usinizungumzie tena rangi ya kijani. Nitaingia vipi kichochoro kile? Ukitoka mlangoni kwako unatazamana na mlango wa Bi Hind. Ukifungua dirisha la chumba changu unatazamana na roshani yake. Nikija watu watauliza mume yuko wapi, mtamkasirikia Bi Hind, Bi Hind atamtetea mjukuu wake kama nyanya yeyote, na nyinyi wawili ambao mmegombana kwa mwezi, kwa chumvi na kwa ushanga bila kuachana, mtaachana kwa ajili yangu. Tena na kamba yenu mmeshaitunga. Nyumba mbili zilizoniozesha zitafunga milango, na mimi ndiye nitakuwa sababu.

Bi Hind hajui. Ukimwona anasema Ziad hajambo, usimlaumu, hajaambiwa. Mwache ale Idd yake kwa amani. Tundikeni mapambo yenu. Mimi nitakuja mwaka mwengine, nikishakuwa habari ya zamani.

Nawakumbuka nyote mpaka naumwa.

Fadhiya


Kibokoni, Mombasa
14 Machi 2025, Ramadhani

Mwanangu, kipande cha dadangu,

Aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, na Ramadhani njema. Barua yako niliisoma chumbani kwako, kwenye kijani chako. Nililia, kisha nikamtukana Ziad, kisha nikakumbuka kwamba magharibi haijafika, nikaomba msamaha, nikalia tena bila kumtukana.

Kwanza habari. Tumeanza kufunga siku mbili mbali mbali, kama ulivyotarajia. Hind na benchi la kulia walianza Jumamosi, sisi Jumapili. Ile Jumamosi nilitoka roshani na mahamri yangu ya moto, mbaazi na chai ya tangawizi, nikakaa nikala taratibu. Hind alikuwa roshani kwake, amefunga, anamwagilia asumini. Akasema, Mungu akuongoze, Mwanatumu. Nikamwambia amin, na mbaazi ni tamu. Akasema tutaonana siku ya Idd, nitakapokaa hapa na sahani ya biriani na wewe umefunga.

Sasa jambo lenyewe. Zile lulu zako nilizitunga mwezi mmoja mkubwa, wa kukaa katikati ya kamba. Nilitunga peke yangu, sikumwachia mtu. Jana Alhamisi wote waliondoka mapema kwenda kupika futari, akabaki Hind kwa sababu ya miguu yake, nami nilikuwa nafungia waya. Akauchukua ule mwezi. Akaugeuza.

"Huu mbona hauna mweusi?"

Nikamwambia, "Leo umeutaka ushirikina?"

"Nauliza tu. Yote ina mweusi, huu hauna."

"Upo. Nimeufunga kwenye pembe ya leso."

Akaitazama leso, akautazama ule mwezi. Akazigusa zile shanga kwa ncha ya kidole, moja moja. Mwanamke huyu alinishikia upindo ule siku mbili nzima mpaka mikono ikamwuma, angesahau vipi.

"Hizi ni lulu za gauni la Fadhiya," akasema.

Nikaendelea kufungia waya.

"Umejua lini?" akaniuliza.

Mwanangu, niliuweka waya chini. "Mwezi uliopita," nikasema. "Na wewe?"

"Mwaka jana."

Mwaka jana, Fadhiya. Alijua. Ziad alimwambia mwenyewe. Idd iliyopita alikula kaimati zangu na alijua. Alhamisi zote hizi alinitazama usoni akasema Ziad hajambo. Nikasimama. Nikamwambia, "Hind, toka dakani kwangu."

Hakuondoka. Alibaki amekaa, ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Nitatoka, lakini mguu umekufa ganzi. Niinue kwanza, ndio unifukuze."

Nikamshika mikono nikamvuta. Nikavuta tena. Na magoti yangu haya yakakataa, tukarudi sote wawili chini juu ya jamvi, na sinia la shanga likapinduka, nyekundu, buluu, dhahabu, zote zikamwagika mpaka njiani. Mzee Zakariya akachungulia kutoka kizingiti cha jirani. Hii ndiyo mara ya kwanza kutabasamu tangu tumhamishe. Hind akaanza kucheka kwa ile sauti yake ya bata, nami nikacheka nikimchukia. Sijui ilikuwa wakati gani kucheka kukageuka kulia, lakini tulilia, mimi na yeye, tumeketi juu ya shanga.

Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Niliogopa utaikata kamba. Mimi na wewe tumetazamana kwenye roshani zile tangu tukiwa wari. Mjukuu wangu akafanya upuuzi Ulaya, nami nikose mtu wa kugombana naye asubuhi?" Kisha akasema alikuwa akikungoja wewe useme mwenyewe, kwani siri ni yako. Alidhani mimi sijui. Mimi nilidhani yeye hajui. Na wewe huko ukadhani sote hatujui. Watu watatu tumeshika pazia moja, na nyuma yake hamna mtu.

Nikataka kumsema Ziad pale pale. Hind akanishika mdomo. "Tumefunga," akasema. "Kusengenya kwaharibu saumu. Ngoja adhana." Tukaokota shanga kimya kimya, tukangoja. Adhana ilipoanza kila mmoja akala tende, akanywa maji, na Hind akasema bismillahi, haya, anza wewe.

Tulimsema mpaka uji wa pilipili manga ukapoa. Na nikwambie kweli, nyanya yake ananishinda. Alianza tangu utotoni mwa Ziad, alipokuwa akiogopa kuku. Nilipomwambia habari ya vitunguu aliniuliza kama vilisikika vimeiva au vinaungua. Nikasema kwenye barua hukueleza. Akasema, "Inshallah vinaungua."

Kisha akaniambia maneno haya, akaniapisha niyaandike kama alivyoyasema: "Mwambie Fadhiya, mjukuu wangu ni yeye. Ziad ndiye aliyekuja kuoa. Na kama aona haya kulala kwako, alale kwangu, nami simpakii mtu chumba kijani."

Nimekwisha kuyaandika. Chumba ni changu na utalala kwangu, lakini nimeyaandika.

Watu watauliza mume yuko wapi. Waulize. Wakikuuliza wewe, waelekeze kwa Hind, na wallahi hawatauliza mara ya pili.

Sasa sikiza habari ya siku. Hind asema Idd itakuwa Jumapili tarehe thelathini. Sisi twasema mwezi ukionekana itakuwa Jumatatu, usipoonekana Jumanne. Kamba yapanda Jumapili kutoka upande wake na haishuki mpaka Jumanne kutoka upande wangu, ndivyo tulivyosuluhishana, na daka limerudi kuwa daka moja. Kwa hivyo usinitajie zamu. Mtaa wetu una Idd ya kumtosha kila mtu. Ukiikosa moja, kaa kitako ungoje ya pili.

Ule mwezi wa lulu nimeumaliza, ila mweusi sijautia. Uko hapa kwenye pembe ya leso, nalala nao. Huo sitaushona mimi. Kazi yangu niliifanya mara ya kwanza.

Barua hii ameichukua nduguye Mahira, asafiri kesho. Uso wake hauaminiki hata kidogo, lakini ana haraka.

Mamako,
Mwanatumu


Doha, uwanja wa ndege
29 Machi 2025, Jumamosi

Mamkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Bi Hind pia, isomewe kutoka roshani mpaka roshani.

Barua yako ilifika bila plasta. Niliisoma jikoni kazini, nikacheka mpaka Bi Gwen akaja na mkongojo wake kuona ni nani anayekufa. Nilipomweleza, alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akamwambia nisipopewa ruhusa ataacha kula. Msimamizi akasema haruhusu kutishwa. Bi Gwen akafunga mdomo mbele ya kijiko cha uji, akamtazama. Nimepewa wiki tatu. Wewe na Bi Hind mmepata mwenzenu, ila yeye alifunga bila kungoja mwezi wa mtu.

Amenipa pambo lake kwa ajili ya kamba yenu. Ni nyota. Yeye ndiye anayesema ni nyota. Bi Hind akitaka kuifumua, mwambieni hii haifumuliwi.

Hapa watu wanagombana kama mwezi umeonekana. Mimi nimetazama nje ya dirisha la ndege muda wote na nimeona bawa. Naogopa bado, Mamkubwa. Ni woga ule ule wa siku niliyokuja kupambwa. Nilidhani nitakuja nikiwa nimepata maneno mazuri ya kuwaambia watu, na sina hata moja. Nina begi, nyota ya Bi Gwen, na njaa.

Barua hii sikumtafutia msafiri. Naileta mwenyewe, utaipata mlangoni, kesho asubuhi, kabla ya biriani ya Bi Hind kupoa.

Tia uzi kwenye sindano.

Fadhiya